Bomba Lisilo Kwenye Mchoro

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepunguza ukorofi. Mpe mkaza mjomba salamu zangu, mwambie lile sweta alilonifumia nalivaa kila asubuhi, ingawa mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake. Mama alinipigia jana, anasema mmegombana tena kwa ajili ya kuku wake wanaovuka kupekua upande wako. Patana naye kabla sijaja likizo, maana mkinuniana ni mimi ninayetumwa huku na huku kupeleka maneno.

Najua hupendi simu. Sikio moja uliliacha kwenye mitambo ya hapa, na hilo lililobaki, mama anasema, husikia linachotaka. Basi naandika.

Kazi nimeanza. Mimi sasa ni Afisa Mazingira wa kiwanda kile kile cha nguo ulichokitumikia miaka ishirini na sita. Sheria imesema kila kiwanda cha ukubwa huu kiwe na afisa wa namna hii, na kiwanda chetu kinaheshimu sheria, ndiyo maana kimenitafutia chumba. Zamani kilikuwa chumba cha mafagio. Mafagio bado yamo, tumegawana: wao ukuta wa kulia, mimi wa kushoto. Meza imezidi chumba, kwa hiyo mlango haufungiki, na Meneja Mkuu akipita na wageni husema, "Huyu ndiye afisa wetu, mlango wake uko wazi saa zote."

Meneja huyo wafanyakazi wanamwita Tuna Mpango. Umweleze tatizo lolote, hata paa likiwa linamvujia kichwani, jibu ni hilo hilo: "Tuna mpango."

Ule mto mdogo nyuma ya ukuta una ratiba yake. Jumatatu bluu, Jumatano mwekundu, Ijumaa kama chai iliyosahauliwa jikoni. Watu wa bondeni wanajua rangi ya sare za shule za mwaka ujao kabla ya walimu wakuu.

Sasa swali langu, maana wewe ndiye uliyekuwa fundi mkuu. Mita inaonyesha maji mengi yanaingia kiwandani. Yanayofika kwenye yale mabwawa matatu ya kusafishia hayafiki nusu. Bwawa la tatu limetulia mno, bata wanataga pembeni. Nimewauliza mafundi, wakatazamana. Maji mengine yanakwenda wapi?

Mpwa wako anayekuheshimu.


20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote tunapumua. Goti linajua mvua siku mbili kabla ya redio. Kuku wa mama yako si kuku, ni jeshi. Nimemwambia awafungie, akaniambia nijifungie mimi. Mkaza mjomba wako anasema mkono wa sweta si mrefu, ni wako ulio mfupi.

Nimefurahi kwamba umeanza vizuri. Nikuachie mawili matatu ya kukusaidia pale. Kwenye vikao kaa karibu na mlango. Usiwe wa kwanza kusema wala wa mwisho. Ukipewa chai, inywe, mtu asiyekunywa chai huonekana ana jambo. Mpishi wa kantini ukimsalimia vizuri utapata nyama, usipomsalimia utapata mchuzi.

Kuhusu maji: kiwanda cha nguo kina joto kali, na maji yakipata joto hugeuka mvuke. Hesabu za mita zisikunyime usingizi, ile mita ilikuwa mgonjwa tangu zamani zangu. Halafu kule nyuma ya boila pana utelezi mbaya sana. Usipende kupitapita huko na hivyo viatu vya kike.

Mama yako anaomba umletee kitambaa ukija.

Mjomba wako.


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa barua. Nimekaa karibu na mlango katika vikao vinne na nimetoka salama. Mpishi ananipa nyama.

Huku mambo yamechacha. Tarehe mbili alikuja mkaguzi wa mazingira wa serikali, mama mmoja mfupi, mpole, amevaa buti za mpira. Tuna Mpango alikuwa amemwandalia ukumbi, viti vya kitambaa na filamu ya dakika arobaini juu ya historia ya kiwanda. Yule mama akauliza, "Mto uko upande gani?" Akajaza chupa zake, akaziandika, akaondoka. Chai hakuigusa. Baada ya wiki ikaja ilani: maji tunayotoa yana rangi na magadi kupita mara nyingi kiasi kinachoruhusiwa. Tunatakiwa tueleze kwa maandishi, kabla ya tarehe nane Mei, yanatokea wapi na tunarekebisha vipi. La sivyo sehemu ya kutia rangi inafungwa.

Kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Ina wajumbe kumi na mmoja, mimi ni mwalikwa. Kikao cha kwanza kilijadili jina la kamati. Cha pili kiliamua ukuta unaotazama mto upakwe kijani. Cha tatu kiliamua wafanyakazi wote mia sita washonewe fulana zenye maneno TUNAPENDA MTO WETU. Bila shaka fulana za jambo kama hilo lazima ziwe za kijani, na kwa kuwa sisi ni kiwanda cha nguo tukazitia rangi wenyewe. Alhamisi mto uliamka kijani kutoka ukutani hadi darajani. Tuna Mpango alitoka nje, akaupiga picha kwa simu, akasema, "Mnaona? Umeanza kuitikia."

Jioni nilishuka bondeni. Kuna mwanamke anayekuza miche ya mboga ya kuuza, wanamwita Mama Miche. Anamwagilia kwa maji ya mto kwa sababu hana mengine. Viganja vyake vimepasuka, na vidole vina rangi chini ya kucha kama wafanyakazi wetu, ila yeye halipwi mshahara. Matuta mawili ya chini yameungua. Kwenye dirisha la kibanda chake cha vifaa amepanga chupa, kila moja ina maji ya siku yake na tarehe kwenye kipande cha karatasi. Ni za miaka miwili. Kumbukumbu za maabara yetu zinasema siku zote hizo mto ulikuwa safi, na zimeandikwa kwa kalamu moja na, nahofu, kwa mkupuo mmoja.

Akaniuliza, "Wewe ndiye wa mazingira?"

"Ndiyo, mama."

"Yenu au yetu?"

Nilipanda kilima kurudi.

Jambo la mwisho. Nilivaa viatu vya kiume nikapita nyuma ya boila. Chini ya bamba la chuma kuna koki kubwa, imepakwa grisi vizuri, na bomba nene linaloelekea ukutani, si mabwawani. Nimepekua michoro yote ya kiwanda, halimo. Kwenye koki kuna kibati kimefungwa kwa waya, kimeandikwa kwa rangi nyeupe USIFUNGE. Ile G ina mkia mrefu unaopinda kwenda kushoto.

Unajua lolote kuhusu bomba hilo?

Mpwa wako.


9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Ningesema barua imepotea njiani, lakini mama ameniambia imefika. Anasema uliisoma barazani mara tatu, ukaitia mfuko wa shati, kisha ukaenda ukatengeneza uzio wa kuku wake bila kuombwa. Amepata hofu. Ananiuliza kama una ugonjwa unaouficha.

Huku kamati imeandika rasimu ya jibu. Neno "uchafu" halimo, kuna "mabadiliko ya mwonekano wa maji." Ukurasa wa tatu unasema huenda rangi inatokana na shughuli za kilimo bondeni, yaani Mama Miche. Mjumbe mmoja, mhasibu mzee, akauliza kama kuna mboga ya bluu. Ameondolewa kwenye kamati.

Ukurasa wa mwisho una tamko: "Kiwanda hakina njia nyingine yoyote ya kutolea maji zaidi ya mabwawa yaliyoidhinishwa." Chini yake kuna mstari wa sahihi, na sahihi ni ya Afisa Mazingira. Nimegundua sasa kwa nini walikuwa na haraka ya kunitafutia chumba. Nilimwambia Tuna Mpango nataka kulifikiria. Akasema, "Fikiri, binti, fikiri. Lakini ufikiri hadi Ijumaa ya wiki ya tatu."

Na Mama Miche amepoteza tuta la tatu. Nimemkuta ameketi juu ya ndoo, ameigeuza, anatazama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mjomba, mimi nimeingia hapa kwa barua yako ya kunitambulisha. Jina lako wanalitaja kwa heshima, na picha yako iko kwenye korido ya ofisi, umeshika spana. Nikikataa, najua watasema nani aliniletea balaa. Sikuulizi tena juu ya G. Nakuuliza hili tu: nisaini?

Mpwa wako.


17 Aprili

Mpwa wangu,

Wote wazima. Usisaini.

Nitaandika nikipata nguvu ya kukaa mezani. Goti halihusiki.

Mjomba wako.


26 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, za barua zote nilizokaa kimya.

Mama yako ana adabu ya sokoni lakini wewe amekulea vizuri. Uliiona ile G ukanyamaza. Ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, na mwalimu wako wa darasa la kwanza akakukata ule mkia kwa rula. Nilijua umeijua tangu mstari wa kwanza.

Nilikuwa na mwaka wa saba pale kiwandani pampu ya kupeleka maji mabwawani ilipokufa. Tulikuwa na oda kubwa ya sare, malori yamepangwa uwanjani. Meneja wa wakati ule, Mungu amrehemu, aliniita akafunga mlango. "Fundi, wiki moja tu. Pampu mpya iko njiani." Jumapili nikachimba na vibarua watatu. Kufikia magharibi bomba lilikuwa chini ya udongo na nyasi juu yake. Mwanangu, sikuona kwamba nafanya ubaya. Niliona nafanya ufundi. Na ni bomba zuri, mteremko wake hauna kasoro, halijawahi kuziba hata siku moja. Hicho ndicho kinachonitia aibu zaidi: mpaka leo nalionea fahari.

Pampu haikuja. Baada ya mwezi niliuliza, nikaambiwa imeagizwa. Baada ya miezi mitatu nikauliza tena, nikaambiwa nisiwe mtu wa pupa. Nilipojiandaa kuuliza mara ya tatu waliniita wao, wakanifanya fundi mkuu. Nilitoka ofisini na ovaroli mpya na swali lile lile mfukoni, sikulitoa tena. Kibati nilikifunga baada ya fundi mgeni kuifunga koki, chumba cha rangi kikajaa maji hadi magotini. Wiki ile moja sasa ina miaka ishirini na mitatu. Minne ya mwisho nimeilala hapa nyumbani, nikijiambia si kazi yangu tena.

Nimekuchorea kila kitu kwenye karatasi niliyoambatisha. Kuna tawi moja chini ya ukuta ambalo hata mafundi wa sasa hawalijui. Utaona pembeni nimeandika mabomba kumi na manne yalitolewa stoo na nani. Karani wa stoo wakati huo alikuwa kijana mmoja mwembamba, mwepesi wa kusaini. Siku hizi, nasikia, ana mpango.

Usiende kwake kwa kelele. Mtu mwenye hofu ukimpigia kelele hujenga ukuta. Mwambie hivi: mkaguzi akiligundua, ni uongo, tukilitaja wenyewe, ni kosa lenye tarehe ya kumalizika. Na katika jibu lenu usiweke neno "dhamira." Andika ni nini, tangu lini, nani anafunga, siku gani. Jina langu liandike kamili.

Mkaza mjomba wako hajui lolote. Akikupigia, zungumzeni sweta.

Mjomba wako.


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimefunga mlango; niliitoa meza nje kwanza. Sitasema mengi juu yake. Nilikaa kwenye sakafu kati ya mafagio mpaka kengele ya zamu.

Nilikwenda kwa Tuna Mpango asubuhi, kabla ya kamati kuamka.

"Bosi, nimekuja kuhusu bomba la nyuma ya boila."

"Bomba gani?"

"Linalokwenda mtoni."

"Halipo kwenye mchoro."

"Ndiyo tatizo lenyewe, bosi."

"Sasa kitu ambacho hakipo kwenye mchoro kitavunjaje sheria?"

Nikamwekea mchoro wako mezani. Aliutazama juu, akautazama chini, akafika pembeni palipo na mabomba kumi na manne. Akavua miwani. "Fundi bado yuko hai?"

"Yupo, anakusalimu."

Akaifuta miwani kwa shati, akaivaa tena. Kisha akasema maneno ambayo nadhani hakuna mtu amewahi kuyasikia katika jengo lile: "Sina mpango."

Nilidhani angenifukuza. Badala yake akaanza kueleza, kama mtu aliyetapika na sasa anatafuta kiti. Alikuwa kijana, alisaini kila alicholetewa. Alipopanda cheo aliikuta koki, akafikiri kuna mkubwa mwingine anayejua. Kila mtu hapa anafikiri kuna mkubwa mwingine anayejua. Nikamwambia yale uliyoniambia, uongo na kosa lenye tarehe. Akaniuliza, "Na tukifunga bomba, maji yataenda wapi?" Hilo, Mjomba, lilikuwa swali la kwanza la maana tangu niajiriwe, nikavuta kiti.

Tuliandika siku tatu, mimi, yeye, na yule mhasibu mzee aliyerudishwa kwa heshima. Kurasa mbili. Bomba lipo, tangu mwaka fulani, litazibwa kwa zege mbele ya mkaguzi. Mpaka pampu mpya ifike, mashine ya rangi itafanya kazi siku mbili tu kwa wiki, kiasi mabwawa yanachoweza kubeba. Bustani za bondeni zitapelekewa maji safi kwa lori kila siku. Sampuli zitachukuliwa kila Jumatatu, na Mama Miche au mtu wake atakuwepo. Chupa zake zimeambatishwa kama ushahidi, kwa ruhusa yake. Kamati ililetewa rasimu, ikaingiza neno "dhamira" mara nne. Nililitoa mara tano, moja lilikuwa limejificha kwenye kichwa cha barua.

Tumeipeleka tarehe sita. Mkaguzi amejibu jana. Ametupa hadi mwisho wa Agosti na ameongeza sharti moja: aliyelaza bomba aje aonyeshe njia yake yote, kwa sababu ya lile tawi. Wanakuita, Mjomba. Hawakuiti na pingu. Amesema tu uje na buti.

Mpwa wako.


8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilifika nyumbani salama. Basi lilikuwa na kiti cha mbele, goti likapata pa kujinyoosha. Mama yako alinipokea kituoni na kuku mmoja amemfunga miguu, zawadi ya uzio. Sijui nifurahi au nimrudishe kwa wenzake.

Niliona umechoka siku ile ya kuziba bomba, hatukuzungumza vya kutosha. Umenionyesha heshima mbele za watu na nimeshukuru. Nimeishi sana, nimeona watu wakikata utepe wa kufungua kitu. Utepe wa kufunga bomba nimeuona kwenu. Na hotuba ya Tuna Mpango! Ukimsikiliza utadhani bomba lilichimbwa na adui usiku tukiwa tumelala. Mkaguzi alikuwa akitazama zege tu, kama mama anayetazama uji usimwagike. Nilimpenda yule mama.

Kuna jambo hukulijua. Asubuhi ya kuondoka nilikwambia nakwenda kununua gazeti. Nilishuka bondeni. Nilimkuta Mama Miche anachota maji ya lori. Nikamwambia mimi ni nani.

Akatua ndoo. "Wewe ndiye uliyelaza?"

"Mimi."

"Kwa mikono hiyo?"

"Hii hii."

Aliitazama mikono yangu, nami nikaitazama yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu nyumbani, ya pole na ya msamaha, mazuri kabisa. Nikaanza. Akanikatiza: "Baba, udongo utakaa na hii dawa muda gani kabla sijaweza kupanda tena huku chini?"

Nikasema sijui.

"Basi pole yako kaa nayo kidogo. Nitafutie mtu anayejua."

Akachukua ndoo yake. Sijawahi kukaripiwa na bosi yeyote nikajiona mdogo kiasi kile, na hakupandisha sauti. Kwa hiyo nakuomba, lile jibu lenu la kurasa mbili limesahau udongo. Mmefunga bomba mkafikiri mmemaliza. Tafuta mtu wa udongo.

Mkaza mjomba wako nimemwambia yote. Nilimkalisha, nikaanzia ile Jumapili mpaka lori la maji. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo katika ndoa yetu halijawahi kutokea. Mwisho akavuta pumzi, akasema, "Miaka yote hii nilijua una kitu unanificha. Nilidhani ni mwanamke." Akacheka mpaka akatoka machozi. Kisha kicheko kikaisha machozi yakabaki. Siku mbili hakusema nami. Leo ameniuliza kama nataka uji.

Mjomba wako.


12 Septemba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na mkaza mjomba pia. Mama anasema siku hizi unakula kwake mchana na kumsaidia kuokota mayai. Sitauliza mmeanzaje, nisije nikaharibu.

Nisamehe kwa kuchelewa, nitakueleza sababu. Kwanza udongo. Nilimpata mtaalamu kutoka chuo cha kilimo, akapima matuta yote. Ya juu ni mazima. Ya chini, kando ya mto, mboga ya kuliwa isipandwe kwa misimu miwili, kisha yapimwe tena. Amemshauri Mama Miche aweke huko miche ya miti ya vivuli na mbao, na kiwanda kimeandikishana naye kununua yote. Nilimpelekea majibu mwenyewe. Alisoma mstari kwa mstari, akauliza maneno mawili asiyoyajua, akakunja karatasi. Hakusema asante, nami sikuwa nimeistahili. Viganja vyake vinapona. Ameniambia nikuambie kwamba mtu umempata.

Pampu mpya iliwekwa Julai kwa shangwe. Tarehe ishirini na sita Agosti, saa nne asubuhi, ikafa. Tulikuwa na oda kubwa juu ya mashine na bwawa la kwanza limebakiza shubiri moja kujaa. Tuna Mpango alikuja mwenyewe chumbani kwangu, akasimama kati ya mafagio. Alikuwa na jasho.

"Binti, siku mbili tu. Tupitishe hose ya maji juu ya ukuta. Mvua zimejaza mto, wenyewe hautahisi."

Hakuwa ananidanganya, Mjomba. Alikuwa anajidanganya yeye, kwa upole kabisa, na nikaelewa ilivyokuwa rahisi kwako kushika koleo. Nilikuwa na huruma naye. Nikamwambia, "Bosi, saini hapa kwamba umeamuru hose, nami nitaipitisha." Nikamsogezea daftari na kalamu.

Aliishika kalamu. Alitazama ule mstari mtupu muda mrefu. Akairudisha. "Funga mashine," akasema, akatoka akipigapiga mifuko kama aliyesahau funguo.

Kufunga ilikuwa rahisi kuliko yaliyofuata. Watu arobaini wa chumba cha rangi walitolewa nje hadi uwanjani, wakanizunguka. Mmoja akasema kwa sauti, "Yule wa mafagio ametufungia kazi." Niliwaeleza bwawa limefika wapi na koki ya nyuma ya boila ilikuwa inafanya nini miaka yote. Wengi wao wanakaa bondeni, walikuwa hawajui. Mwanamke mmoja wa mashine ya pili akauliza mtoto wake anaoga maji gani, nikamwambia. Hapakuwa na makofi. Lakini mafundi wawili waliivua pampu bila kuambiwa, na waliobaki wakachukua mafagio yangu, yote, wakaenda kusafisha mifereji ya mabwawa. Chumba changu kwa mara ya kwanza kimekuwa kikubwa.

Siku ya tatu, mashine zimenyamaza, mkaguzi akatokea getini bila taarifa. Tuna Mpango alimkimbilia akieleza kwamba leo si siku nzuri ya kupima kwa kuwa hakuna maji yanayotoka, na kwamba kwa kawaida tunatoa maji mazuri sana. Yule mama akaomba daftari. Akasoma nilichoandika: "Pampu imekufa saa nne. Mashine ya rangi imefungwa. Hakuna kilichopelekwa mtoni." Akaenda nyuma ya boila, akainua bamba, akaligonga zege kwa kisigino. Akashuka mtoni, akajaza chupa yake, akaiinua kwenye jua. Maji yalikuwa na matope, kama mto wowote baada ya mvua.

Tuna Mpango hakuweza kuvumilia. "Mama, tumefaulu?"

Akafunga kizibo, akaandika tarehe. "Leo, ndiyo," akasema, akaenda kwenye gari lake.

Bosi alisimama pale mpaka vumbi likatua. Kisha akaniuliza ni nini maana ya "leo." Nikamwambia maana yake kesho saa moja na nusu tuwe mtoni na chupa nyingine. Akakuna kichwa, akaniuliza kama nina buti za ziada, za kwake zinabana.

Nimemwazima zile ulizoziacha.

Mpwa wako.